Kimya cha idara: kisa cha mwombaji mmoja wa uzamivu

"Kaka, wamenyamaza. Nimekosea wapi?"

Ujumbe huo ulinifikia usiku wa tarehe 12 Februari 2025. Aliyeuandika ni dada niliyefanya naye kazi maabara moja alipokuwa akikusanya data za shahada yake ya uzamili. Alikuwa ameomba nafasi za uzamivu katika vyuo sita vya Marekani, viwili vimemsaili, na tangu usaili wa kwanza, tarehe 30 Januari, hakuwa amesikia neno. Siku 13. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa akifungua akaunti ya maombi mara ishirini kwa siku, na kila mara inamwambia lilelile: maombi yako yanapitiwa.

Nasimulia kisa hiki kwa ruhusa yake. Vyuo nitaviita kwa herufi, A mpaka F, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha nje. Nimekichagua kwa sababu katika msimu mmoja alipitia karibu kila hali inayoweza kumkuta mwombaji: alikataliwa, alikubaliwa, alikubaliwa bila fedha, aliwekwa benchi, alinyamaziwa. Na mara mbili alikataa ushauri wangu. Mara ya kwanza alikuwa sahihi. Ya pili tunabishana hadi leo.

Usaili

Alituma maombi Desemba 2024, maana programu nyingi za sayansi za Marekani hufunga dirisha kati ya tarehe 1 na 15 ya mwezi huo. Chuo D kilimkataa Januari bila hata kumsaili. B na A vilimwita kwa njia ya Zoom. C, E na F, kimya.

Kuna jambo huwachanganya wengi hapa. Katika sayansi za maabara, kuitwa kwenye usaili kuna uzito: kamati imeshasoma mafaili, imepunguza rundo, na sasa inatumia saa za maprofesa kwa wachache waliobaki. Lakini katika hisabati, historia, falsafa na fani nyingine nyingi, idara kadhaa hazisaili mtu kabisa. Zinasoma, zinaamua, zinatuma barua. Ulaya nako, nafasi nyingi hutangazwa kama kazi: unaitwa mbele ya jopo, unawasilisha mada, unaulizwa maswali, na jibu huja mapema zaidi. Kwa hiyo mwombaji wa historia anayekosa usingizi kwa kuwa jirani yake wa biolojia ameshaitwa anajitesa bure. Huyu wetu alikuwa wa maabara, hivyo kwake kuitwa kulimaanisha kitu.

Alikuja kwangu na kurasa nne alizoandika za kukariri. Nikamwomba aziweke pembeni anieleze utafiti wake kwa dakika mbili. Alitumia kumi na moja, na mbu walikuwa bado hawajatajwa. (Utafiti wake ulikuwa wa mbu.) Alianza na historia ya malaria, akaja kwenye sera, akaja kwenye umuhimu wa chandarua. Yote kweli, na yote profesa wa fani hiyo anayajua. Tulirudia mara sita hivi, mpaka sentensi ya kwanza ikawa swali lenyewe: mbu anatua kwenye chandarua chenye dawa, anaruka salama, wako wangapi wa namna hiyo, na wanawezaje? Baada ya hapo dakika mbili zilimtosha na chenji ikabaki.

Usaili wa B ulikuwa wa maprofesa watano, kila mmoja nusu saa, kisha kikao na wanafunzi wa uzamivu. Profesa wa tatu hakumuuliza matokeo. Alimuuliza, "Kitu gani kilikushinda?"

Wengi hapa hutoa kasoro ya kujipamba: mimi tatizo langu napenda kazi mno. Yeye alisimulia jaribio lake la kwanza. Unaweka mbu majike 25, wenye umri wa siku tatu hadi tano, kwenye mrija wenye karatasi iliyotiwa dawa. Wanakaa humo saa moja. Unawahamishia kwenye mrija safi, unawapa maji ya sukari kwa pamba, na baada ya saa 24 unahesabu waliokufa. Pembeni unakuwa na mirija ya kulinganishia, yenye karatasi isiyo na dawa. Hao hawatakiwi kufa. Wakifa zaidi ya asilimia 20, jaribio lote linatupwa, hata kama yale matokeo mengine yanapendeza vipi. Wa kwake walikufa zaidi ya hapo. Kazi ya wiki tatu ya kufuga mbu ikaenda na maji.

"Ulijuaje sababu?" profesa akauliza, na dada anasema hapo ndipo yule mzee aliposogea karibu na kamera.

Alikuwa amehisi ni pamba: chumba kilikuwa na joto, pamba ilikauka usiku, mbu wakafa kwa kiu na si kwa dawa. Hakuishia kuhisi. Alirudia mirija ya kulinganishia kwa makundi mawili, moja pamba yake ikilowekwa upya baada ya saa 12, jingine ikiachwa. Kundi la pili likafa, la kwanza likabaki hai. Nusu saa nzima ikaishia kwenye pamba. Alitoka akidhani ameharibu, kwa vile hakufika kwenye hitimisho la tasnifu yake. Mimi nilipoisikia nilijua hiyo ndiyo nusu saa yake bora. Profesa anayefikiria kukaa na mtu miaka mitano au sita anataka kujua atafanya nini siku mbu wasiotakiwa kufa watakapokufa.

Alikoteleza ni kwingine. Profesa wa nne alimuuliza ni maabara zipi nyingine zingemvutia, akataja moja tu, ileile aliyoitaja kwenye barua yake ya maombi. Akaongeza, kwa furaha kabisa, kwamba hiyo ndiyo iliyomfanya aombe. Katika programu nyingi za baiolojia za Marekani mwanafunzi hadahiliwi moja kwa moja na msimamizi. Anaingia kwenye programu, mwaka wa kwanza anazunguka maabara tatu hivi kwa zamu, kisha ndipo anachagua. Ukija na jina moja, kamati inajiuliza: huyu mwenye maabara akiwa hana fedha mwaka huo, au akihama, tutampeleka wapi? Na kweli, mwenye maabara alikuja kumwambia baadaye kwamba hakuwa na uhakika wa kuchukua mwanafunzi mpya.

Kwa A, tarehe 3 Februari, alikwenda na majina manne na sentensi moja kwa kila jina: ungependa kufanya nini huko, na kwa nini wao. Hilo lilikuwa zoezi la jioni moja tu. Nilipaswa kumpa kabla ya B, na sikumpa. Kosa hilo ni langu.

Kile kikao na wanafunzi, waombaji wengi hukiona kama mapumziko. Si mapumziko, idara nyingi huwauliza wanafunzi wao maoni baadaye. Lakini faida kubwa iko upande wa mwombaji, kwa kuwa hapo ndipo anaweza kuuliza habari za fedha bila kuonekana ana haraka nazo. Swali alilouliza kote kuwili lilikuwa fupi: mnalipwa miezi mingapi kwa mwaka? A walijibu kwa pamoja, kumi na miwili, na mmoja akaongeza kwamba kila muhula kuna ada ndogondogo wanazolipa wenyewe, akazitaja. B, mwanafunzi mmoja alicheka, akamwangalia mwenzake. "Tisa. Kiangazi inategemea msimamizi wako ana ruzuku au la." Dada aliandika jibu hilo kwenye daftari lake na hakulifikiria tena kwa miezi miwili.

Barua za shukrani alituma kesho yake, sentensi tatu kila moja. Ni adabu, sijawahi kuona zikibadilisha uamuzi.

Siku za tumbo joto

Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye udahili kimya kingi mara nyingi hakina kitu ndani. Nilimwambia hivyo usiku ule wa Februari, hakuniamini, na sikumlaumu, kwa sababu nilikuwa nasema kwa mazoea. Sikuwa nimeunganisha kimya chake na habari iliyokuwa imetoka siku tano kabla.

Tukianza na mwaka wa kawaida: kamati inapanga majina, uongozi wa kitivo unatoa idadi ya nafasi, mzunguko wa kwanza wa barua unatoka. Waliopata barua ndio haohao waliopata na kwingine, hivyo wanakaa nazo wakipima. Mpaka wao wakatae, nafasi haifunguki. Aliye chini yao kwenye orodha hana cha kuambiwa, kwa vile idara yenyewe haina cha kusema. Haiwezi kumkataa, inaweza kumhitaji. Haiwezi kumkubali, haina kiti.

Kwa mwombaji wa kutoka nje kuna kizingiti kingine ambacho wengi hawakijui. Taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, NIH, hutoa ruzuku za mafunzo zinazolipia posho na ada za wanafunzi wa uzamivu, ila ni kwa raia na wakazi wa kudumu tu. Ufadhili mkubwa wa masomo wa NSF, mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, nao ni vivyo hivyo. Mgeni analipwa kwa fedha za chuo chenyewe, kwa kufundisha, au kwa ruzuku ya profesa. Ndiyo maana idara inaweza kuwa na nafasi ishirini na mgeni akagombea mbili. Alama zake, barua zake na usaili wake vinaweza kuwa vizuri kuliko vya aliyepita, na bado hesabu ikamwacha nje. Simwambii mtu hivi ili kumfariji. Anayelijua hili huomba vyuo tofauti na vile ambavyo angeomba asipolijua: anatafuta programu zinazosema wazi kwamba ufadhili wao hautofautishi raia na mgeni.

Sasa ongeza tarehe 7 Februari 2025. Siku hiyo, Ijumaa, NIH ilitangaza kwamba itaweka kikomo cha asilimia 15 kwa gharama zisizo za moja kwa moja, yaani ile nyongeza inayoambatana na ruzuku ya utafiti ili chuo kilipie umeme, majengo, wahasibu na mengineyo. Vyuo vingi vikubwa vilikuwa vimekubaliana na serikali viwango vinavyozidi asilimia 50. Mahakama ilizuia agizo hilo ndani ya siku chache, lakini wakuu wa vitivo hawakusubiri kesi iishe. Kuna programu zilizosimamisha udahili kwa muda, kuna zilizopunguza nafasi, na kufikia Machi kuna zilizofuta barua ambazo tayari walikuwa wamezituma kwa waombaji.

"Nimekosea wapi?" Hakuwa amekosea popote. Alikuwa amengoja mlangoni wakati ndani watu wanahesabu sarafu.

Tarehe 14 Februari, A wakaandika. Amekubaliwa: ada yote, bima ya afya, posho ya miezi 12, miaka mitano. Chini kabisa, mstari mmoja: tafadhali jibu kabla ya tarehe 7 Machi.

Furaha ilidumu kama saa mbili hivi. B, ambacho ndicho kilikuwa cha moyo wake tangu mwanzo, hakikuwa kimesema kitu. Akaniuliza afanye nini na tarehe 7.

Kuna makubaliano yaitwayo Azimio la Aprili 15, chini ya Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vinavyotoa shahada za juu, ambayo vyuo vingi vya Marekani vimeyasaini na orodha yao iko wazi mtandaoni. Yanasema mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili, na kwamba kuweka tarehe ya mapema kuliko hiyo kunakwenda kinyume na dhamira ya azimio. Si sheria ya nchi. Hayamhusu aliyekubaliwa bila fedha, wala hayakifungi chuo ambacho hakikusaini. Tuliangalia orodha, A kimo.

Ushauri wangu ulikuwa aombe muda zaidi bila kulitaja azimio, nisije nikamfanya aonekane mtu wa kutishia kwa vifungu. Yeye akasema kutolitaja ndiko kutamfanya aombe kama hisani kitu ambacho ni haki. Aliandika hivi:

"Nashukuru sana kwa nafasi hii. Chuo chenu ni kimoja kati ya viwili ninavyovipa uzito mkubwa, na bado nasubiri jibu la kile kingine. Kwa kuwa mmesaini Azimio la Aprili 15, naomba kuthibitisha kwamba naweza kujibu hadi tarehe hiyo. Nikiamua mapema, nitawaambia siku hiyohiyo."

Jibu lilikuja siku hiyohiyo kutoka kwa mratibu wa programu: hapana shida, ile tarehe ni ya kutusaidia kupanga tu. Isome tena barua yake. Hakuna maneno ya kujidhalilisha, hakuna uongo kwamba A ni chaguo lake la kwanza, na mwishoni kuna ahadi inayomsaidia mratibu. Sasa waombaji wengine nawatumia barua hii kama ilivyo.

Ila mwaka huo kungoja hakukuwa bure. Kila wiki tulisikia habari ya barua kufutwa mahali fulani, na azimio halisemi lolote la kumlinda mtu ambaye chuo chake kimeishiwa. Kuna usiku nilitaka kumpigia nimwambie asaini A alale. Badala yake alimwandikia mratibu swali la pili, moja kwa moja: fedha zilizotajwa kwenye barua yangu zinatoka wapi, na je, zinategemea ruzuku zinazojadiliwa sasa? Akajibiwa kwamba mwaka wa kwanza unalipwa na fedha za chuo, na kuanzia wa pili ni mchanganyiko wa ruzuku na kufundisha, huku idara ikibeba pengo. Si dhamana ya mbinguni, lakini ni jibu, na lilikuja kwa maandishi.

Benchi

Mwanzoni mwa Machi B wakaandika: yuko kwenye orodha ya akiba, na mmoja wa maprofesa angependa kuongea naye Jumanne tarehe 11, saa nane mchana ya huko. Yeye alikuwa saa nane mbele yao, akaandika kwenye kalenda saa nne usiku.

Saa tatu na dakika sita usiku barua pepe ikaingia: unaungana nasi? Jumapili ya tarehe 9 Marekani walikuwa wamesogeza saa zao mbele, kama wafanyavyo kila Jumapili ya pili ya Machi, na tofauti ikawa saa saba. Aliingia akiwa na nywele hazijachanwa, taa ikimpiga kwa nyuma, akaomba radhi kwa sentensi moja, wakaendelea. Profesa hakujali. Mimi ndiye niliyejali, nikaanza kuwaambia watu waingize saa za kikao kwenye kalenda ya simu pamoja na jina la jiji la chuo, simu ijihesabie yenyewe.

Katika kikao hicho aliuliza maswali mawili tu ya maana. Je, orodha yenu ina namba, wa kwanza na wa pili? Na ni lini nitakuwa nimejua? Profesa alikuwa mkweli: haina namba, wanaangalia fani ya aliyeondoka ndipo wachague wa kuziba, na mwaka huo wageni walikuwa na viti viwili, vyote vimeshatolewa. Jibu linaweza kuja hata baada ya Aprili 15.

Mwishoni mwa Machi, E kikafufuka. Amekubaliwa, bila uhakika wa fedha mwaka wa kwanza. Hakukaa nacho hata siku mbili. Alikataa kwa barua ya mistari miwili. Wapo wanaokusanya barua za kukubaliwa kama vikombe vya michezo, wanazishikilia mpaka siku ya mwisho, na nyuma ya kila moja kuna mtu mwingine anayefungua akaunti yake mara ishirini kwa siku.

Ikabaki A mkononi na B benchi. Tukakubaliana amwandikie B barua ya kueleza kwamba bado anahitaji nafasi. Barua kama hiyo ina vitu vitatu: habari mpya, kama ipo, sababu moja mahususi ya kutaka pale, na, ikiwa ni kweli, sentensi inayosema ukinipa nafasi nitakuja. Hiyo sentensi ya tatu ndiyo yenye nguvu. Idara inayoziba kiti katikati ya Aprili haina muda wa kubembeleza. Inamtafuta atakayesema ndiyo.

Habari mpya alikuwa nayo: makala yake ilikuwa imekubaliwa na jarida. Nikangoja rasimu. Siku ya kwanza haikuja, ya pili haikuja. Ya tatu akanipigia.

"Kaka, ile sentensi nimeiandika mara nne, naifuta."

Nikamwambia ni woga tu. Akasema hapana, alikuwa amerudi kwenye daftari lake. Ukurasa wa B ulikuwa na maandishi mengi kuhusu maabara moja, ambayo mwenyewe hana uhakika wa kuchukua mtu, na chini yake: "Tisa. Kiangazi inategemea." Pembeni alikuwa ameandika neno moja, kicheko. Ukurasa wa A ulikuwa na majina manne na swali ambalo profesa mmoja alimwachia kuhusu pamba, aliloendelea kulifikiria bila kutumwa. B alikuwa amekipenda kabla hajakijua, na akaendelea kukipenda kwa kuwa kilikuwa kinamkwepa.

Tarehe 9 Aprili aliwaandikia B kujiondoa kwenye orodha ya akiba, kisha akaikubali nafasi ya A.

Hapa ndipo tunapobishana. Mimi nilimwambia kubaki benchi hakumgharimu kitu: zimebaki siku sita, kaa, uone, ukiitwa ukatae. Mtu anapaswa kuchagua akiwa na vyote viwili mezani, siyo kwa kubashiri. Na mazungumzo ya fedha hubadilika: chuo kinachokutaka tarehe 14 Aprili kinaweza kukuta miezi mitatu ya kiangazi mahali fulani kwenye bajeti. Yeye alisema alishajua jibu lake, na kwamba kukaa kwenye orodha ukijua hutakwenda ni kuwapotezea watu muda ili tu usikie unatakiwa. Bado naona alijiharakisha. Bado ananiona mimi ni mtu wa vikombe.

Baada ya ndiyo

Alidhani kungoja kumeisha. Chuo kilimtumia I-20, fomu ambayo mwanafunzi mgeni huihitaji kuombea viza, akalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wageni, na dola 185 za maombi ya viza, na alipokuwa akitafuta tarehe ya kwenda ubalozini, tarehe 27 Mei, Marekani ikasimamisha upangaji wa miadi mipya ya viza za wanafunzi duniani kote. Ilifunguliwa tena tarehe 18 Juni, kwa sharti kwamba waombaji waweke wazi akaunti zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe. Wiki tatu nyingine za kufungua ukurasa na kuusasisha. Safari hii hakuniuliza amekosea wapi. Alimwandikia mratibu wa A mara moja, akauliza siku ya mwisho kabisa ya kuripoti na kama anaweza kusogeza nafasi hadi muhula wa Januari mambo yakikwama, akapewa tarehe, akaibandika ukutani.

Katikati ya hizo wiki tatu, tarehe 11 Juni, C kikamkataa. Tunasikitika kukujulisha, ushindani ulikuwa mkubwa. Alinitumia picha ya barua hiyo bila neno, ikiwa na alama moja ya kicheko.

Usaili wa viza ulichukua dakika zisizozidi nne. Afisa alimuuliza anakwenda kusoma nini, akatoa ile sentensi ya mbu na chandarua. Akamuuliza nani anamlipia, akaonyesha barua ya A.

Chuo F hakijajibu. Nenosiri lake bado linafanya kazi, na akaunti bado inasema maombi yanapitiwa.